Kuhesabu ningu wanapopanda mto: andika na sifuri

Samaki wanaouzwa kwa wingi Mwanza hawauhitaji mto. Sangara, sato na dagaa huzaliana ziwani humohumo, na ndio wanaopimwa na kuandikwa zaidi kwa sababu ndio wenye fedha. Ningu ni samaki wa namna nyingine. Anakulia ziwani, lakini mayai anakwenda kuyaacha mtoni. Mvua zikishika huko juu na maji yakaanza kupanda, anaingia mlango wa mto, anapambana na mkondo hadi kwenye mbuga za nyasi zilizofunikwa na maji, anataga, kisha anarudi ziwani. Kuyu, nembe, gogogo na kambare nao hupanda, kila mmoja kwa umbali wake na kwa wakati wake.

Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na haikuchukua muda zikawa zinategwa kwenye midomo ya mito, mahali ambapo samaki mwenye mayai hana njia nyingine ya kupita. Alinaswa kabla hajataga. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeshaanguka, wakati sangara ndiyo kwanza anapandikizwa ziwani. Sangara analaumiwa kwa mengi, na kwa furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, analaumiwa kwa haki, lakini ningu tulianza kummaliza wenyewe kwa nyavu. Leo spishi hii, Labeo victorianus, ambayo haiishi popote duniani nje ya Ziwa Victoria na maji yanayoungana nalo, imo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka.

Kwa hiyo kuhesabu kunahitajika, na hakuna taasisi yenye watu wa kutosha kukaa kando ya kila mto kila msimu wa mvua. Anayeweza ni mkazi wa hapo hapo: mwalimu, mwanafunzi, mvuvi, mama muuza samaki anayejua kumtofautisha ningu na kuyu akiwa mbali. Lakini hesabu ya kujitolea huharibika kwa urahisi sana, na mara nyingi huharibika kabla mtu hajagusa maji.

Anza na ruhusa. Wavu wa macho madogo mtoni bila kibali ni uvuvi haramu hata kama nia yako ni njema, na askari wa doria hawezi kusoma nia. Onana na afisa uvuvi wa wilaya, serikali ya kijiji, na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi, ya mwalo ulio karibu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Mwanza. Kazi yenu ikiwa chini ya mtafiti wake, kibali kinapatikana kwa njia inayoeleweka na takwimu zinakuwa na pa kwenda. Kisha nenda kwa wazee wenye migono, mitego ya kusuka ya samaki, mtoni. Wanajua ningu huanza kupita siku ya ngapi baada ya mvua ya kwanza, kwenye ukingo upi, na usiku au mchana. Usiende na daftari siku hiyo. Sikiliza kwanza.

Kuchagua kituo kunastahili siku nzima ya kutembea. Usitegee kwenye mlango wenyewe wa mto. Pale samaki wa ziwani huingia na kutoka bila safari yoyote, mawimbi hulaza wavu, na kwenye matete ndiko wanakolala viboko. Panda juu hadi mahali ambapo maji ya ziwa hayarudi nyuma, hata ziwa likijaa. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 maji yalivamia sehemu za chini za mito ambazo miaka mingine hukauka kabisa, na kituo kilichowekwa chini mno kwenye mwaka kama huo hakihesabu safari tena, kinahesabu samaki wanaozunguka. Kwa mto kama Simiyu, unaoingia Ghuba ya Speke upande wa Magu, tafuta sehemu iliyonyooka, yenye sakafu ngumu ya mchanga au changarawe, kina cha magoti hadi kiunoni, na ukingo unaokuwezesha kutoka haraka maji yakija ghafla. Piga alama kwenye mti au jiwe, chukua majira ya nukta (GPS) kwa simu, na msimu ujao rudini hapo hapo. Kituo kikihama mita mia tano, hesabu za miaka miwili hazilinganishwi.

Kuhesabu kwa macho kunawezekana kwenye vijito tu, vile vinavyoteremka kutoka kwenye vilima vya mawe na kupita kwenye makalavati, maji yakiwa bado meupe. Laza bati lililopakwa rangi nyeupe chini ya maji, mahali pembamba ambapo samaki lazima wapite, ulishikize kwa mawe kwenye pembe zote nne. Kaa upande ambao kivuli chako hakiangukii bati, vaa miwani ya jua inayokata mng'ao, na tumia kihesabio cha mkono. Anayepanda ni moja. Anayeshuka akipita juu ya bati ni kutoa moja. Wakija kundi, usijaribu kuhesabu mmoja mmoja. Jifunze kuona watanowatano. Baada ya dakika kumi acha, andika, pumzisha macho.

Kwenye mito mikubwa njia hiyo haifai. Simiyu ikijaa, ukizamisha mkono hadi kiwiko huvioni vidole. Hapo lazima utumie wavu wa mfuko wenye mabawa, na mwenye kujua mgono tayari anajua unavyofanya kazi: samaki anaingia kwenye koo linalozidi kuwa jembamba, asipate pa kutokea. Mfuko uwe wa nyuzi zisizo na mafundo, kwa sababu mafundo huchubua magamba; macho ya milimita 10 hadi 12; mdomo wenye duara la chuma la sentimita 80 hivi; makoo mawili ndani; na mkia unaofungwa kwa kamba ili uufungue bila kuinua wavu wote. Mabawa mawili ya mita 4 hadi 6 kila moja, maboya juu, vizito vya risasi chini.

Mdomo unaelekea ziwani, yaani kule samaki wanakotoka. Wageni wa kazi hii hupenda kuuelekeza kwenye maji yanayokuja, kwa mazoea ya kukinga, na baada ya nusu saa wanakuwa wamekusanya majani, mifuko ya plastiki na samaki wachache waliochoka wakasombwa. Mabawa yafunguke kiasi cha digrii 45 kutoka mkondoni, yafungwe kwenye vigingi vilivyopigwa chini hadi visitikisike. Kamba ya chini lazima iguse sakafu kila mahali. Pengo la kiganja kimoja linatosha kupitisha kundi zima, na kambare huliona kabla yako. Sakafu ikiwa ya mchanga, maji huchimba chini ya kamba kadiri muda unavyokwenda. Pitisha miguu kila unapoinua, na panga mawe palipochimbika.

Usiuzibe mto. Acha angalau theluthi moja ya upana wazi, na sehemu hiyo iwe na kina, si pale ambapo hata chura hawezi kupita. Sheria ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi ni kwamba tunahesabu samaki wanaokwenda kuzaa, na kuwachelewesha siku ambayo maji yanapungua ni sawa na kuwaharibia mwaka.

Kwenye mkia wa mfuko ingiza chupa tupu ya lita moja na nusu iliyofungwa vizuri, ili sehemu ya juu ielee. Kambare na kamongo huvuta hewa juu ya maji na wanaweza kufa wakizuiwa chini. Kenge na kasa wa mtoni nao huingia wakifuata samaki, na bila hewa utainua mizoga.

Kabla ya kutega, pima kasi ya maji. Tupa kijiti na ukipe mita 10 zilizopimwa ukingoni. Kikifika kwa chini ya sekunde 10, usitege. Wavu hautashika, na samaki walioko ndani watabanwa ukutani hadi wafe. Siku hiyo andika kwenye fomu "haikutegwa, maji makali". Nitalirudia hili hapa chini kwa sababu ndipo takwimu nyingi zinapofia.

Ukishatega, inua kila saa moja. Mfuko ulioachwa usiku kucha ni karamu ya fisi maji kwa nje na ya kambare mkubwa kwa ndani. Asubuhi utahesabu wale waliobaki, si wale waliopita. Vipindi viwili vinavyolipa ni saa mbili kabla ya giza na saa mbili tangu kuanza kupambazuka. Wengi wa samaki hawa hupanda gizani, ni kweli, lakini kuingia majini usiku kwenye mto wenye mamba si kujitolea, ni kujitoa. Tega kukiwa bado kuna mwanga, inua kukiwa bado kuna mwanga, na kubali kwamba hesabu yako ni kielelezo cha kulinganisha siku na siku, mwaka na mwaka. Si idadi ya samaki wote wa mto. Kwa sababu hiyohiyo usiseme "mabawa yamefunika mita 6 kati ya 18, basi nazidisha kwa tatu". Samaki anayepanda hufuata ukingo wenye mkondo mpole, hawajitandazi sawasawa, na kuzidisha huko kunazaa namba ambayo haipo.

Samaki akitoka mfukoni anaingia kwenye beseni lenye maji ya mto huohuo, kivulini. Beseni la lita 40 lisizidi samaki kumi wa ukubwa wa kiganja, na maji yabadilishwe kila dakika tano, kwa kuwa yakipata joto hewa iliyomo hupungua haraka. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Ubao wa kupimia unatengenezwa kwa bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa katikati kwa urefu, rula ikiwa imegundishwa ndani. Unaulowesha, unamlaza samaki pua ikigusa mwisho, unasoma pale mkia unapogawanyika panda. Soma hapo daima, si kwenye ncha, kwa sababu ncha huchanika wavuni. Pima 20 wa kila aina na waliobaki uwahesabu tu. Lakini hao 20 uwachote bila kuchagua, maana mkono huenda wenyewe kwa wakubwa. Ukimwona dume akitoa shahawa mikononi, andika. Usimkamue jike kuangalia mayai. Tumbo lililojaa linaonekana, na mayai yanayomwagika kwenye beseni hayarudi.

Waachie upande wa juu wa mto, mita 50 au zaidi kutoka kwenye wavu, mahali penye maji tulivu, ili wasirudishwe na mkondo ukawahesabu tena.

Kuhusu kuwatambua: ningu ana mdomo uliogeukia chini wenye midomo ya nyama, wa kukwangua mwani kwenye mawe, na mara chache huzidi sentimita 40. Kuyu ana magamba makubwa na ndevu jozi mbili zinazoonekana wazi, na hukua mkubwa mno kuliko ningu. Tatizo ni wadogo. Kuyu wa sentimita 10 na ningu wa sentimita 10 hukosewa sana. Mgeuze, tazama mdomo kwa chini, na ndevu. Nembe hana magamba, ubavu umebanwa, pezi la mgongoni ni dogo sana karibu na kichwa na pezi la chini ni refu hadi karibu na mkia. Gogogo utamsikia kabla ya kumwona. Miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, hujifunga ikasimama. Akinasa, kata nyuzi za wavu, usimvute, na akikuchoma, jeraha lioshwe mara moja. Domodomo na pua yake hakosewi. Usiyemjua mpige picha kwa upande na kwa chini, rula ikiwa kando, na kwenye fomu uandike "hajulikani" pamoja na idadi. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kutokuwa na jina.

Sasa ratiba, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi yote. Watu huja mtoni wakisikia kwamba ningu wanapanda. Simu inapigwa, vijana wanakimbia, wanahesabu mia mbili, wanafurahi. Siku ambazo hakuna kitu hakuna aliyekuja. Mwisho wa msimu daftari linaonyesha mto uliojaa samaki, kwa sababu limeandikwa siku za samaki peke yake. Mwaka unaofuata samaki wakipungua nusu, daftari litaonyesha vilevile, kwa kuwa watu watakuja tena siku zile zile nzuri. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kamwe kuonyesha kupungua.

Dawa yake ni kura. Kabla ya mvua za vuli, Oktoba, andika tarehe zote za msimu kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa siku tatu za kila wiki, na gawana zamu. Fanya hivyo tena kabla ya masika, Machi. Tarehe iliyotoka inafanywa, pawe na samaki pasiwe. Kwa hesabu za macho chomoa pia saa: kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni kuna vipindi 72 vya dakika kumi, nawe unachukua sita.

Tazama kinachotokea kwenye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, vipindi sita vya siku moja vimetoa 0, 0, 14, 3, 0 na 7. Jumla ni 24, wastani ni 4 kwa kipindi, na kwa vipindi 72 unakadiria samaki 288 waliopita mchana huo. Sasa mhesabu mwingine, mwenye nia nzuri kabisa, aone kuandika sifuri ni kujaza karatasi bure. Anabaki na 14, 3 na 7. Wastani ni 8, makadirio ni 576. Samaki ni walewale, mto ni uleule, idadi imeongezeka maradufu kwa sababu ya sifuri tatu zilizoachwa.

Kwa hiyo fomu iwe na maandishi ya aina tatu, yasichanganywe. Namba, pale samaki walipoonekana. Sifuri, pale mlipohesabu kikamilifu na hakuna aliyepita. Na mstari pamoja na sababu, pale hamkuhesabu: maji makali, wavu umechanika, mhesabu anaumwa. Nafasi tupu isiruhusiwe kabisa, kwa kuwa baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka maana yake.

Vitu vingine vya kwenye fomu ni vichache: tarehe, kituo, jina la mhesabu, saa ya kutega na ya kuinua, upana wa mto na upana uliofunikwa, kina, joto la maji, uwazi wa maji. Uwazi hupimwa kwa kifuniko cha bati cha sentimita 20 kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi, kikiteremshwa kwa kamba yenye alama hadi kipotee machoni. Saa ziandikwe kama simu inavyoonyesha, 07:00, 18:30. Mmoja akiandika saa 1 na mwingine 07:00, mwenye kuingiza takwimu kwenye kompyuta atakuta samaki wa alfajiri wamepita usiku wa manane. Tumia penseli, wino wa kalamu huyeyuka kwenye mvua. Piga picha ya fomu siku hiyohiyo na umtumie mratibu kwa WhatsApp.

Lakini picha za ningu wenye mayai usizirushe kwenye makundi wala mitandaoni wakati safari inaendelea, hasa zenye jina la daraja au kijiji. Siku mbili zinatosha kwa nyavu kufika. Msimu ukiisha zitangaze utakavyo.

Usalama hauna mjadala: hakuna anayeingia majini peke yake, mmoja hubaki ukingoni akitazama juu ya mto na maji ya kando yenye mamba. Mvua ikinyesha mbali huko Maswa, Simiyu inaweza kupanda Magu jua likiwaka. Maji yakianza kuleta matawi na povu, toka, wavu utafuatwa baadaye. Kichocho kipo ufukweni mwetu kote. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu hutoka zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kwa hiyo vipindi vya alfajiri na jioni vinasaidia hata hapo. Vaa buti ndefu na glavu za mpira, jifute ukitoka, na timu nzima ipimwe kituo cha afya baada ya msimu. Dawa ni prazikwanteli.

Maji yakianza kupungua, geuza wavu. Mdomo sasa uelekee juu, na mfuko uwe wa macho ya milimita 4, kwa sababu wanaokuja ni watoto, wakirudi ziwani. Inua kila nusu saa badala ya saa moja, maana hawavumilii kubanwa, wala usiwapime mmoja mmoja: wachote kwa kikombe kimoja kilichojaa, hesabu waliomo, na vikombe vilivyobaki vihesabiwe kwa idadi ya vikombe. Kisha tembea kwenye mbuga zilizokuwa na maji. Madimbwi yaliyokatika na mto huwa na vifaranga waliokwama. Hesabu madimbwi hayo, pima urefu, upana na kina cha kila moja, na mkiwa na kibali cha kuwahamisha, wabebeni kwa ndoo asubuhi kabla jua halijachoma, mkiandika idadi kwenye karatasi ya peke yake ili isichanganywe na waliopita wenyewe wavuni.